Forester SG5 turbo inakata pumzi Kitonga, mafundi wawili wanasema nijiandae na mamilioni. Naomba macho yenu kabla sijanunua kitu

MtuWaKihesa

Wakuu, heshima kwenu.

Nina Subaru Forester SG5 ya mwaka 2004, ile yenye pua juu ya boneti. Injini ni EJ205 ya cc 1,994 yenye turbo, ile feni inayosukuma hewa ndani ya injini, gia otomatiki. Niliichukua ikiwa na kilomita 121,000, leo inasoma 168,000. Naishi Iringa na kila mwezi nashuka Dar mara moja au mbili kikazi, kwa hiyo barabara ya TANZAM naijua kona kwa kona. Gari nimeitunza kwa moyo. Oili kila kilomita 5,000, taimingi beliti nilibadilisha mwaka juzi pamoja na roli zake na pampu ya maji.

Mwezi uliopita narudi nyumbani. Mikumi mpaka Ruaha Mbuyuni gari haina neno. Tumeanza kupanda mlima wa Kitonga, mbele kuna malori mawili ya Tunduma yanatambaa. Nimepata upenyo, nimekanyaga mafuta, gari ikanguruma bila kwenda. Mshale wa mizunguko unapanda, mwendo hauongezeki. Kwenye kioo naona moshi mweusi umefunga barabara. Nilirudi nyuma ya lori moyo ukinienda mbio, maana ndani nilikuwa na mke wangu na mama mkwe, na mnaijua Kitonga, ukishatoka kwenye mstari wako huna pa kukimbilia.

Fundi wa kwanza alifungua mpira wa kuingilia turbo, akashika kile kijiti cha katikati akakitikisa. Kinacheza. Akapitisha kidole ndani ya bomba, kidole kikatoka na oili. "Turbo imekufa hii." Turbo iliyotumika kutoka Dar 850,000, kazi 150,000.

Nikaenda kwa wa pili. Huyu alipima kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya silinda, zote nne zikatoa psi 125, 123, 127 na 124. Akafungua simu akanionyesha kwamba injini hizi nzima zinatakiwa kuwa 140 kwenda 170. "Ringi za pistoni zimekwisha, tafuta injini." Hiyo ni milioni tatu na nusu.

Watu wawili, majibu mawili, na ugonjwa ni mmoja. Wakuu, nianzie wapi?


Jino_la_Tatu

Mkuu turbo hiyo. Yangu ilikuwa hivyo hivyo, nikaweka nyingine nikasahau. Usiumize kichwa.


BintiSpana

Kaka, usinunue kitu leo. Nipo Mbeya, nafanya kazi na hizi injini za Subaru mwaka wa kumi na mmoja sasa, nami nataka kwanza unijibu haya.

Moshi mweusi unatoka ukikanyaga tu, au hata gari ikiwa imesimama inaunguruma? Asubuhi ukiiwasha inatoa moshi wa bluu? Kati ya oili na oili unaongeza kiasi gani? Ukikanyaga unasikia sauti ya hewa, kama tairi linalovuja? Gari inamisi, yaani inakosa kuwaka mara moja moja? Na kuna mtu yeyote ameshafungua ile intakula ya juu ya injini, kipoozeo cha hewa ya turbo, miezi ya karibuni?


MtuWaKihesa

Asante dada. Moshi ni nikikanyaga kwa nguvu tu. Ikisimama ni safi, asubuhi ni safi, wa bluu sijawahi kuuona. Oili naongeza kama nusu lita kwa kilomita 5,000. Sauti ipo, "shiiii" nyembamba, inakuja na turbo na kuondoka nayo. Mimi nilidhani ndiyo mlio wa turbo wenyewe. Inamisi pia, lakini ikiwa na mzigo tu, inakuwa kama inajikwaa. Intakula ilifunguliwa mwezi wa tatu, fundi alikuwa anatafuta oili inayovuja nyuma.


MekNakuru

Habari ya huko. Nisaidie kitu kimoja kabla mambo ya turbo. Huyo aliyekupimia kompresheni alikuwa wapi, Dar ama Iringa?


MtuWaKihesa

Iringa, mkuu. Gereji iko hapa mjini.


MekNakuru

Basi injini yako ni nzima, na huyo fundi hajakudanganya, amesahau mlima tu.

Kompresheni ni nini? Pistoni inachukua hewa iliyopo nje na kuikandamiza mara kadhaa. Hewa ya nje ikiwa nyepesi, hata ile iliyokandamizwa inatoka ndogo kwa uwiano ule ule. Usawa wa bahari mgandamizo wa hewa ni kama kPa 101. Iringa mko zaidi ya mita 1,500 juu, hapo unabaki na kama 84. Hiyo ni asilimia 83 hivi. Namba za kitabu zimeandikwa kwa ajili ya usawa wa bahari.

Chukua 125 ugawe kwa 0.83, unapata 150. Hiyo 123 inakuwa 148, 127 inakuwa 153, 124 inakuwa 149. Hizo ni namba za injini ambayo wengi wangeilipia pesa nzuri. Halafu angalia kitu cha maana zaidi: kati ya silinda ya juu na ya chini tofauti ni psi 4. Ringi za silinda nne ni nadra kuchakaa kwa kipimo kimoja kama zimeapa pamoja. Injini iliyochoka mara nyingi inakuonyesha moja imeanguka, ama mbili za jirani.

Hapa Nakuru tuko juu kuliko nyinyi na nimeona injini nzuri zikishushwa kwa hii hesabu. Inaniuma kila nikikumbuka.


MtuWaKihesa

Nimesoma hii mara tatu. Mkuu Mungu akubariki, nilishaanza kuulizia bei ya injini.


BintiSpana

Mek amemaliza upande wa injini. Sasa turbo.

Shafti ya turbo inazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na haikai kwenye beringi za gololi kama gurudumu. Kwenye turbo kama hii yako inaelea ndani ya utando wa oili, na ili utando uwepo lazima kuwe na nafasi. Injini ikizimwa presha ya oili inaondoka, shafti inalala, ukiitikisa kushoto na kulia itacheza. Hata mpya inacheza. Unachotakiwa kukitafuta ni viwili: feni kugusa ukuta wa nyumba yake, utaona mikwaruzo, na shafti kwenda mbele na nyuma, kama unavuta na kusukuma. Huko mbele na nyuma kidole hakitakiwi kuhisi kitu. Muulize fundi wa kwanza kama aliisukuma hivyo. Na oili kidogo kwenye bomba ni pumzi ya injini, inarudishwa humo makusudi. Bomba likiwa na utelezi ni kawaida. Likiwa na dimbwi, hapo tuzungumze.

Lakini kinachonifanya niandike usiku huu ni ule moshi mweusi. Naomba mnisikilize hapa, kwa sababu naona magari ya petroli yanabadilishwa turbo kwa sababu hii kila wiki.

Mafundi wetu wengi wamekulia kwenye dizeli. Canter, Fuso, Land Cruiser. Kwenye dizeli ya pampu ya zamani, pampu inamwaga mafuta kadiri unavyokanyaga, haijui hewa imefika kiasi gani. Turbo ikichoka hewa inapungua, mafuta yako pale pale, moshi mweusi unatoka. Kwa hiyo mtu akiona gari yenye turbo imekosa nguvu na inatoa weusi, mkono wake unakwenda kwenye turbo wenyewe. Kwa dizeli ana sababu.

Forester yako inafanya kazi kinyume. Baada tu ya boksi la filta kuna sensa ya hewa, MAF. Inapima hewa inayopita pale, kompyuta inamwaga petroli ya kutosha hewa hiyo, basi. Turbo ikiwa imechoka itavuta hewa kidogo, MAF itapima kidogo, petroli itamwagwa kidogo. Gari itakosa nguvu, lakini haitakuwa na sababu ya kutoa weusi. Kigeti cha turbo, kile kinachopunguza presha yake, kikikwama wazi, ni hivyo hivyo. Vali ya kurudisha hewa ikivuja, hewa inarudi palepale kati ya MAF na turbo, hesabu haiharibiki. Unakosa nguvu bila moshi.

Ili upate udhaifu na weusi kwa pamoja, jambo linaloongoza ni hili: hewa imeshapimwa, petroli yake imeshamwagwa, halafu hewa ikatorokea njiani. Petroli imefika, hewa haikufika. Tena inatoroka pale turbo inaposukuma tu, ndiyo maana ikisimama ni safi. Na ile shiiii yako ndiyo mlango inakotokea.


Mzee_wa_Uyole

Binti, shikamoo haikuhusu lakini somo nimelipokea. Nataka kuuliza kuhusu petroli yenyewe. Hizi gari Japani zinaandikwa kwenye mfuniko wa tangi kwamba ziwekewe ya daraja la juu. Sisi tunaweka ya kawaida. Hilo haliwezi kuwa ndilo linalomla nguvu?


BintiSpana

Marahaba ni yako mzee wangu, mimi ndiye wa kukuamkia. Shikamoo.

Linaweza kumla nguvu, ndiyo. Kwa sheria ya viwango ya Japani petroli ya daraja la juu lazima ianzie oktani 96, na turbo hizi zilipangwa kwa hiyo. Ukiweka ya chini, injini inagonga ikiwa na mzigo, sensa ya kugonga inasikia, kompyuta inachelewesha cheche ili kuilinda. Gari inakuwa nzito. Ila kuchelewesha cheche hakumwagi moshi kama wa lori la mkaa, wala hakuleti sauti ya kuvuja. Tena yeye ameweka petroli ile ile miaka yote na gari ilikuwa inapanda. Tuanze na kilichobadilika.


Jino_la_Tatu

Dada lakini yangu nilibadilisha turbo ikapona kweli.


BintiSpana

Sikatai kaka. Ukibadilisha turbo unafungua intakula, unatoa mipira yote, unakaza klipu zote upya. Kama tatizo lilikuwa klipu, limeondoka siku hiyo hiyo, na turbo yako ya zamani pengine inasukuma hewa kwenye gari ya mtu mwingine.

Kaka wa Kihesa, kabla ya kufungua chochote tafuta mtu wa kompyuta anayesoma Subaru yenyewe. Nataka namba, siyo taa imewaka au haijawaka.


MtuWaKihesa

Narudi na taarifa. Kile kidude cha bluetuthi cha bei rahisi hakikushika kabisa, kinatafuta tu. Kijana mmoja hapa ana laptopu, waya wa KKL na programu ya bure ya FreeSSM, ikafunguka mara moja. Nimeandika kila kitu kwenye daftari:

Swichi imefunguliwa injini haijawaka, presha ya manifoldi, mabomba yanayoingiza hewa kwenye silinda, inasoma kPa 84. Kijana akasema sensa imekufa, inatakiwa 101. Nikamwambia hapana, nimefundishwa na mtu wa Nakuru!

Marekebisho ya petroli, yaani asilimia ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza: ikisimama +3, kwenye kilomita 80 barabara tambarare +2.

Kupanda kutoka Ipogolo kuja mjini, mafuta mpaka chini: presha ilifika 118 ikagoma hapo. Moshi mweusi nyuma.

Kodi moja (namba ya kosa) kwenye kumbukumbu: P0303.


MekNakuru

Safi sana, na kwa hiyo 84 umenifurahisha. Kabla injini haijawaka, hiyo sensa ni barometa tu. Ikisoma hewa ya mji wako, ni nzima.

118 toa 84 ni 34. Turbo yako inaongeza kPa 34, yaani theluthi moja ya bar, maana bar moja ni kPa 100. Gari hii ikiwa sawa inatakiwa iongeze mara mbili ya hapo.


BintiSpana

Na haya marekebisho ya petroli ndiyo yananipa raha. Fikirini njia ya hewa kama mtaa wenye nyumba tatu.

Nyumba ya kwanza, kati ya MAF na turbo. Humo hewa inanyonywa muda wote. Kukiwa na ufa, na kwenye injini za EJ kama yako lile bomba linalopita chini ya manifoldi linapasuka sana, hewa inaingia bila kupimwa. Kompyuta italazimika kuongeza petroli, ungeona +12, +15, hata zaidi. Wewe una +2. Nyumba hiyo ni salama.

Nyumba ya tatu, kati ya throtli, mlango wa hewa unaofunguka ukikanyaga, na vali za injini. Ikisimama humo kuna mvuto mkali. Ufa wa humo ungeuona gari ikiwa imesimama inaunguruma, inatikisika, namba iko juu. Wewe una +3. Hapana.

Inabaki nyumba ya katikati. Kutoka turbo, kupita intakula, mpaka mlango wa throtli. Gari ikitembea taratibu humo mgandamizo unakaribiana na wa nje, ufa haufanyi kitu. Ukikanyaga, humo ndimo presha inapojaa.

Na humo ndimo mtu aliweka mikono mwezi wa tatu.

Usiikanyage gari kwa nguvu mpaka tupate. Hewa ikitoroka, kompyuta inaona presha haijafika inaacha kigeti kimefungwa, turbo inazungushwa kuliko ilivyozoea ili kujaza ndoo yenye tundu. Ukiendelea hivyo fundi wa kwanza atakuja kuwa sahihi.


MekNakuru

Kifaa cha kupima utatengeneza mwenyewe kwa bei ya soda mbili tatu. Nunua kifuniko cha bomba la PVC kinachoingia barabara kwenye mdomo wa mpira unaotoka MAF, upime kwanza kipenyo, usikisie. Toboa katikati, weka vali ya tairi lisilo na tyubu. Toa boksi la filta na MAF, ingiza kifuniko, kaza na klipu. Leta kempresa yenye geji.

Anza na bar 0.3. Nyunyiza maji ya sabuni kila kiungo. Kama huoni panda mpaka 0.5, mwisho 0.8. Usivuke bar moja, kwa sababu hewa inaingia pia tumboni mwa injini kupitia mipira ya kupumulia na utasukuma sili za oili zitoke. Utasikia hewa ndani ya mfuniko wa oili na ndani ya ekzosi, hiyo isikutishe, kuna vali ambazo ziko wazi. Sisi tunatafuta povu nje.

Na chunguza chini ya intakula kwa kioo kidogo. Mipira hii ina miaka ishirini, inakaa juu ya injini inayochemka, imeloa mvuke wa oili. Inapasuka upande ambao macho hayafiki.


MtuWaKihesa

WAKUU.

Jumamosi nilienda kwa fundi wa pili, yule wa kompresheni. Nilimweleza kwa adabu hesabu ya 0.83. Alinyamaza, akachukua kalamu, akaipiga mwenyewe, akasema "tulete hiyo PVC." Tumefanya kazi pamoja kuanzia saa tatu asubuhi.

Kwa 0.3 hakuna kitu. Sabuni kila mahali, kimya. Nilianza kukata tamaa. Kwa 0.5 ikaanza ile shiiii, sauti ile ile ya Kitonga, nilihisi nywele zinasimama. Lakini povu halionekani popote. Fundi akaingiza kioo na tochi nyuma ya intakula, akasema "njoo uone." Ule mpira mfupi unaounganisha intakula na throtli, kwa chini, una mpasuko wa kama sentimita nne kando ya klipu. Ukiwa hauna presha umejifunga, hata kucha haiingii. Presha ikija unafunguka kama mdomo wa samaki.

Klipu ilikuwa imekazwa mpaka imekata mpira. Hiyo ni kazi ya mwezi wa tatu.

Shafti tumeisukuma mbele na nyuma. Haisogei. Feni haina hata mkwaruzo.

Mpira umepatikana Dar, kutoka kwenye Forester iliyokatwa, ukaletwa na basi. 35,000 pamoja na usafiri. Klipu mpya nne, 12,000. Jana tumefunga. Ipogolo kuja mjini: 154. Moshi hakuna. Nilishuka nikarudia tena mara ya pili ili niamini.


BintiSpana

154 toa 84 ni 70. Hapo sasa ni Forester. Hongera, na hongera kwa fundi wako, mtu anayechukua kalamu mbele ya mteja ni mtu wa kumshika.

Kumisi kumeisha?


MtuWaKihesa

Kumepungua, hakujaisha. Ikifika presha ya juu kabisa inajikwaa mara moja moja. Na ile P0303 tumeifuta, imerudi.


BintiSpana

Kwa kodi hiyo ni silinda ya 3, upande wa kulia nyuma. Hamisha koili ya 3, ile inayotoa umeme wa cheche, uipeleke ya 1, zote ziko upande huo huo. Futa kodi, endesha. Ikihamia P0301 koili ndiyo mgonjwa. Ikibaki P0303, toa plagi na uzilete hapa kwa picha na kipimo cha mwanya. Ni kazi ya kuchosha, plagi za injini hizi za silinda zilizolala ziko ubavuni na utaondoa vitu vilivyokaa njiani, lakini usimruhusu mtu akwambie atapima moja na kukisia nyingine.


MtuWaKihesa

Imebaki 3. Plagi zimetoka, mwanya: ya 1 ni milimita 1.0, ya 2 ni 1.0, ya 3 ni 1.2, ya 4 ni 1.1. Sijui mara ya mwisho zilibadilishwa lini, nilizikuta.


MekNakuru

Inatakiwa 0.7 hadi 0.8. Hapo ndipo kumisi kulikobaki kunakotoka. Cheche kuruka kwenye hewa iliyobanwa inahitaji volti nyingi kuliko kwenye hewa ya kawaida, na mwanya ukiwa mpana inahitaji nyingi zaidi. Turbo ilipokuwa inaongeza 34 koili ilikuwa inajikaza, na petroli iliyozidi hewa nayo ilikuwa inaleta kumisi; hiyo ya petroli imeondoka. Sasa umeirudishia presha yake kamili, inashindwa pale juu. Weka nne mpya za iridiamu, za joto lile lile lililoandikwa kwa injini yako, usiweke za moto zaidi eti zinawaka vizuri. Pima mwanya hata kama zimetoka kwenye boksi.


Mzee_wa_Uyole

Mimi nina Prado ya 1KZ, dizeli, nayo inatoa weusi mlimani. Kwa maelezo ya Binti basi hii yangu ni turbo kweli?


BintiSpana

Mzee, kwa dizeli turbo inaingia kwenye orodha, ila haiwi ya kwanza. Weusi wa dizeli ni hewa kidogo au mafuta mengi. Anza na filta ya hewa, ifungue uiangalie kwa jua. Kisha mipira na klipu zake, kwa kipimo kile kile cha PVC, kinafaa hata kwako. Kisha nozeli zipelekwe kupimwa kwenye mashine. Turbo ndiyo ya nne. Na ukiwa Uyole nipo karibu, lete gari nikuangalizie shafti bure.

Kaka wa Kihesa, jambo moja la mwisho kabla hujafunga boneti. Mrija unaopeleka oili kwenye turbo umefungwa kwa bolti yenye tundu katikati, na kwenye EJ nyingi ndani yake kuna kichujio cha waya kidogo kama kofia ya sindano. Miaka yote hii hakuna aliyekigusa. Kikiziba, turbo inakosa oili huku kijiti cha oili kinasoma imejaa. Muombe fundi akitoe, akioshe, aweke woshasi mpya mbili, zile za zamani asizirudie. Nusu saa ya kazi.


MtuWaKihesa

Kichujio kimetoka. Robo tatu ilikuwa imefunikwa na masizi ya oili, mwanga ulikuwa unapita upande mmoja tu. Nimekaa nimekitazama muda mrefu.

Plagi nne mpya, mwanya 0.75 zote. Woshasi mpya. Kodi hakuna tangu Jumatatu. Mpira, klipu, plagi, woshasi, oili mpya, kijana wa laptopu na kazi ya fundi, jumla 368,000.

Jana nimetoka Dar. Nimefika Ruaha Mbuyuni saa kumi jioni, nikapumzika, nikaangalia oili. Kitonga tumepanda nyuma ya lori la mbao mpaka palipokuwa na nafasi salama na njia inaonekana mbele, nikakanyaga. Ikaenda. Nyuma kwenye kioo barabara ilikuwa safi, hakuna kitu. Mama mkwe alikuwa kiti kile kile, akaniuliza kama nimenunua gari nyingine.

Kile kifuniko cha PVC nimemwachia fundi wa pili, ameniomba mwenyewe. Amesema Jumamosi kuna Forester inaletwa kutoka Mafinga, imeandikiwa turbo.